Behewa la Mama Mkwe

Mambo yaliharibika Ijumaa, tarehe nane Desemba mwaka wa elfu mbili ishirini na tatu, pale stesheni ya Sagana, treni ilipotokea kwenye kona ikiwa na behewa moja.

Kwanza nilidhani mengine yanakuja nyuma. Nikangoja. Kichwa kilikuwa kikubwa vilevile, kinanguruma vilevile, lakini kilivuta behewa moja tu, kama fahali aliyefungiwa kigari cha mtoto. Nikanyoosha shingo nione nyuma ya kona. Nyuma ya kona kulikuwa na mbuzi.

Mkononi nilikuwa na tiketi mbili, moja yangu na moja ya mama mkwe. Zilikuwa za mabehewa tofauti, na hilo ndilo lilikuwa jambo lote.

Kuna watu wataona hili ni jambo dogo, hasa wale wanaoketi maofisini. Mimi ni mtu wa Kianjai, Tigania, huko Meru. Marehemu mke wangu Wambura alikuwa wa Ishiara, kule Mbeere, na kwao mwanamume na mama wa mke wake hawaangaliani usoni. Hawapeani mkono, hawali pamoja, hawaketi chumba kimoja. Jina lake mimi silitaji, kwa hivyo hata hapa hutalisikia. Nikikutana naye njiani naingia kwenye mahindi mpaka apite. Hiyo si chuki. Ni heshima, na heshima inataka nafasi.

Familia nyingine huondoa haya mambo kwa mbuzi. Hata sisi tungeondoa, lakini kwao mbuzi huyo hupikwa na mke mwenyewe, akiwa katikati ya mama yake na mume wake, na tuliahirisha, tukaahirisha, mpaka Wambura akafa. Alikufa wakati wa mgomo hospitalini. Wauguzi walisema kosa ni la serikali, serikali ikasema kosa ni la wauguzi, na mimi nilikuwa nimeketi kwenye benchi nikiwasikiliza wote kwenye redio ya bawabu. Hakuna aliyeniuliza mimi. Mbuzi nikamuuza.

Sasa utasafirije na mama mkwe? Matatu ni chumba kimoja. Basi pia ni chumba kimoja, hata liwe refu namna gani. Mwaka fulani tulijaribu magari mawili, yeye mbele na mimi nyuma. La kwangu likafika Meru. La kwake dereva alijaza abiria wa harusi njiani, akakata kona, na jioni tukampata mama mkwe Chuka, ameketishwa meza ya wageni wa heshima kwenye harusi ya watu asiowajua. Alikuwa ameshabariki bibi harusi. Watu wale walitaka abaki mpaka kesho. Tangu siku hiyo akasema, safari iwe na kichwa kimoja.

Aliyepata dawa ni Wambura. Treni ya abiria ya laini ile ilikufa mimi nikiwa kijana, reli ikaota nyasi, watu wakaanika mahindi juu yake. Halafu mwaka wa korona wakaifufua, wakaipaka rangi, wakakata utepe na kupigwa picha. Ikawa inapanda Nanyuki siku ya Ijumaa na kushuka Jumapili. Wambura akaiangalia kwenye televisheni ya jirani, akasema, "Baba Kinya, ile kitu ina kichwa kimoja na vyumba vingi. Hiyo ni nyumba ya watu wenye adabu."

Kweli kabisa. Kutoka Ishiara mpaka Kianjai kwa njia ya Sagana na Nanyuki ni kuuzunguka mlima mzima kama mtu anayetafuta mlango. Lakini mama mkwe anakaa behewa la tatu, mimi la kwanza, na Wambura anatembea katikati na chupa ya chai. Anampelekea mama habari zangu, ananiletea mimi habari za mama. "Mama anasema umekonda." "Mwambie ni jua." Anarudi. "Anasema Ishiara ndiko kuna jua, na watu hawakondi." Hivyo mpaka Nanyuki, na kipande kilichobaki hadi Kianjai alikubali magari mawili, mradi mtu wetu awe ndani ya lake. Nilikuwa sijawahi kuongea na mama mkwe sana namna hiyo.

Hiyo Ijumaa tulikuwa na sababu kubwa. Binti yetu Kinya alikuwa anaolewa kesho yake, Jumamosi, pale nyumbani Kianjai. Alikuwa amesema wazi kwamba bila nyanya yake hatoki langoni. Mama hayupo, basi wa kumtemea mate kifuani na kumtakia mema ni nyanya, si mtu mwingine. Mutuma, bwana harusi, kijana wa Timau, alinipigia simu kila jioni.

"Baba, tafadhali mlete shosho. Huyu msichana wako hatanii."

Najua hatanii. Ni mtoto wa mama yake.

Na mama wa mke hatumiwi nauli akaambiwa njoo. Baba wa bibi harusi huenda mwenyewe akamchukua, na mkono uliomchukua ndio umrudishe. Ukimchukua ukashindwa kumrudisha, kwao wanasema umempoteza mama wa watu.

Basi tulikuwa Sagana. Kivuti, ndugu yake Wambura, alikuwa amemleta kwa pikapu yake. Mimi nilifuata na gari la abiria, nikila moshi wao kama inavyofaa. Mama mkwe alisimama upande wa mbali wa stesheni, amenipa mgongo, amejitanda leso, kibuyu cha uji wa mawele kwapani.

"Mzee, panda, tumechelewa," akasema kondakta, msichana wa yunifomu. Beji yake ilisema Beverlyne.

"Yale mengine yako wapi?"

"Yapi?"

"Mabehewa."

"Leo ni hilo moja."

"Nani aliamua?"

"Imeamuliwa, mzee."

Nchi hii imejaa mambo yaliyoamuliwa, lakini mwenye kuamua hujawahi kukutana naye.

"Tiketi yangu inasema behewa la kwanza," nikamwambia. "Ya yule mama inasema la tatu."

"Basi wote mko la kwanza. Si amepandishwa cheo?"

"Yule ni mama mkwe wangu."

Beverlyne akamwangalia yule mgongo, akaniangalia mimi. "Uuui! Kwani kwenu bado mnafanya hayo?"

"Wewe ni wa wapi?"

"Runyenjes."

"Basi wewe ni jirani yao, unajua."

Akashusha bendera yake. "Najua. Nyanya yangu hakuwahi kumwona baba yangu usoni. Alimjua kwa viatu."

Kivuti akaja mbio. "Shemeji, usiniambie mama anarudi Ishiara! Ameaga soko lote. Ameaga hata wale waliokosana naye. Akirudi leo watasema amefukuzwa harusini."

"Mwambie apande, mimi nibaki."

"Ubaki, halafu nani amfikishe? Wewe ndiwe uliyemchukua. Mama yangu si gunia la ndengu, ati mtu anapakia halafu anapiga simu lipokelewe huko mbele."

Mama mkwe hakugeuka. Aliinua kibuyu kidogo, akakiambia, "Kibuyu, mwambie huyo mtu mimi siketi chumba kimoja na yeye, hata kikiwa na magurudumu."

Kutoka dirishani mwanamke mmoja akatoa kichwa. Aliitwa Ciku, anauza mitumba Karatina, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyezoea kushindana na spika. "Nyinyi wazee! Tunaiva huku kama ndizi! Shida ni gani?"

Kivuti akaeleza, na alieleza kwa sauti mpaka behewa lote likajua. Mara moja likawa baraza.

"Mzee apande juu!"

"Juu afe, halafu harusi iwe matanga?"

"Aketi kwa dereva."

"Kwa dereva hairuhusiwi," akasema Beverlyne.

"Ndani hairuhusiwi, juu hairuhusiwi, kwa dereva hairuhusiwi. Sema tu mama mkwe hairuhusiwi."

Ciku hakungoja zaidi. Alifungua marobota yake, akachomoa pazia zito la wazungu lenye picha za mabata, akapanda juu ya kiti na kulifunga kutoka rafu ya mizigo ya huku hadi rafu ya kule. Behewa likawa vyumba viwili. Watu waliokuwa katikati walijikuta nusu huku, nusu kule, wakachagua.

"Shosho, nyumba imejengwa!"

Mama mkwe akafikiri. Dereva akapiga honi. "Kibuyu," akasema, "waulize kama pazia ni ukuta."

Hapo wakagawanyika. Mwalimu mmoja alisema ukuta ni kitu kinachoweza kushikilia paa. Mzee mmoja wa Mukurweini akamjibu kwamba yeye alizaliwa kwenye nyumba yenye mlango wa gunia, na hakuna mtu aliyewahi kuingia bila kubisha. Mama mkwe alisikiliza wote. Kisha akauliza kama limefika chini. Halikufika. Miguu ilionekana. Beverlyne akakumbuka habari ya viatu, akamwambia Ciku, na Ciku akaongeza shuka ya mtoto kwa chini, akaibana kwa pini.

Ndipo mama mkwe akapanda, kwa mlango wa nyuma. Mimi nikapanda kwa mlango wa mbele. Kivuti akatupungia wote wawili, mara huku, mara kule. Treni ikaondoka.

Ilikuwa safari nzuri mpaka nilipokumbuka kwamba choo kiko upande wa mama mkwe.

Wale waliopunguza mabehewa sidhani walifikiria hilo. Wao wana choo ndani ya ofisi. Mimi nilivumilia mpaka Karatina, nikashuka, nikazunguka nyuma ya stesheni, nikarudi. Pale Ciku naye alikuwa anashuka na marobota. Abiria wakamkumbusha pazia.

"Nikilichukua si nitakuwa nimebomoa nyumba ya watu?" akasema. "Bakini nalo. Nimewaazima kwa ajili ya harusi. Jumapili mkipita mnirudishie."

Kiganjo nikashuka tena. Umri ni huo. Nilikuwa bado nyuma ya mti treni ilipoanza kujikokota. Nikasikia watu wanapiga kelele, "Mzee! Mzee wa pazia!" Nikakimbia. Mlango wa mbele ulikuwa umeshapita. Uliobaki mbele yangu ulikuwa mlango wa nyuma, na Beverlyne amesimama pale amenyoosha mkono.

"Siwezi kuingia huko!"

"Basi baki Kiganjo!"

Nikavua koti, nikajifunika kichwa chote, nikampa mkono. Akanivuta ndani, akanishika bega, akanipitisha katikati ya chumba cha mama mkwe nikiwa kipofu. Watu waliopanda Kiganjo hawakuwa wanajua chochote.

"Ameiba nini?" nikasikia mmoja anauliza.

"Ni mkwe," akajibiwa.

"Ameiba mkwe?"

Nilipofika upande wangu nikaketi bila kutoa koti. Halafu kutoka ng'ambo ya mabata nikasikia ile sauti, taratibu, "Kibuyu, mimi sijaona mtu. Lakini kama kuna mtu amepita, huyo mtu ana adabu."

Hakukuwa na wa kunipelekea jibu. Wambura ndiye angepita na chupa ya chai.

Harusi ilikuwa nzuri. Mimi sikuiona yote kwa sababu mama mkwe alikuwa ameketi mbele na mimi ilibidi niketi nyuma ya migomba, lakini walimpa mikrofoni, kwa hivyo niliisikia. Alimtemea Kinya mate kifuani, na mikrofoni ikatema pamoja naye. Alimwambia azae, acheke, asilie kwa sababu ya mtu. Alimtajia mama yake kwa jina. Kule nyuma ya migomba nikasikia sufuria zinachemka. Kinya akatoka langoni. Mutuma alilia kuliko bibi harusi, sijui kwa nini.

Jumapili nikampeleka mama mkwe Nanyuki, yeye gari la mbele na wanawake, mimi la nyuma, pazia la Ciku limekunjwa vizuri kwenye mfuko. Lango la stesheni lilikuwa na kufuli. Askari alikuwa anakula muwa.

"Treni?" nikamwuliza.

"Imesitishwa."

"Tangu lini?"

"Tangu jana."

"Mpaka lini?"

"Mpaka itangazwe."

"Nani atatangaza?"

Akatema maganda. "Mzee, mimi ni wa lango."

Nikamtuma mwanamke mmoja aende kwenye gari la mbele amweleze mama mkwe. Akarudi na jibu. Mama mkwe amesema alikuja na reli na atarudi na reli. Sitaki kusema uwongo, jibu hilo lilinikalia vizuri. Na mimi nilikuwa nimemwahidi Kivuti mkono ule ule. Tukageuza magari, tukarudi Kianjai kungoja Ijumaa.

Ijumaa ile ilipita. Nyingine pia.

Sasa mama mkwe anaishi kwangu. Haishi nyumbani kwangu, tuelewane. Anaishi nyumbani kwa Wambura, nyumba ya jikoni, na kwenye mlango ametundika mabata ya Ciku. Mimi nilihamia ghala la mahindi. Najua njia zangu. Asubuhi natoka kwa upande wa migomba, jioni naingia kwa upande wa miraa, na nikiona leso natazama mlima. Mwanzoni Kaari, jirani yangu, ndiye alikuwa mtu wa kati. Anabeba chakula na maneno. Halafu akachoka.

"Gitobu, mimi nina ng'ombe wangu," akaniambia. "Kwani mnataka niache bwana nihamie hapa katikati ya ua?"

Tangu hapo chakula huwekwa juu ya jiwe karibu na ghala. Mama mkwe anakohoa, anaondoka, mimi natoka nachukua. Nikimaliza narudisha sahani kwenye jiwe, nakohoa mimi. Ni ndengu, mara nyingi. Anazipika kwa namna yao ya Ishiara, na kitunguu kinaungua kidogo makusudi. Nilidhani namna hiyo ilishazikwa. Suruali zangu zimenibana. Hilo nalo si jambo la kusemwa.

Majirani wanasema. Kanisani mmoja aliniuliza kama nimeoa wazee. Kule Ishiara nako wanasema mama amekwenda kwa mkwe akashindwa kurudi, na hayo ni maneno mazito. Kivuti alinipigia.

"Shemeji, mama yangu unamlimisha?"

"Hashiki jembe."

"Basi unamfanyia nini?"

"Ninamngojea treni."

"Treni! Shemeji, ndege wamekula mawele, mbuzi wamezaa, na wewe unangoja treni!"

Alikuja mwenyewe na pikapu. Alimbembeleza mama yake kutoka asubuhi mpaka kuku walipoanza kupanda kulala. Mimi nilikuwa ndani ya ghala, na kuta za ghala ni mabanzi, ukiwa ndani unasikia kila kitu.

"Mama, mimi ni mtoto wako. Ingia kwenye gari."

"Wewe ndiwe ulinileta hapa?"

"Hapana."

"Basi umefuata nini?"

Kivuti akaondoka na mguu wa mbuzi na hasira. Lakini jioni ile mama mkwe aliketi kwenye jiwe letu, jambo ambalo huwa hafanyi, akakiambia kibuyu kwa sauti ya chini, "Kibuyu, mimi ni mzee. Mama wa mke hafii kwa mkwe. Hazikwi kwa mkwe. Mwambie huyo mtu afanye haraka."

Nilifanya. Kesho yake nilikwenda Nanyuki kwa mkubwa anayehusika na mambo ya treni. Nilivaa koti lile la Kiganjo. Mkubwa alikuwa kijana, na kiti chake kilizunguka.

"Huduma imesitishwa kwa muda," akasema.

"Muda gani?"

"Muda."

"Kwa nini?"

"Abiria wamepungua, mzee. Hatuwezi kuendesha treni tupu."

"Nilikuwa ndani ya treni hiyo. Watu walisimama mpaka mlango wa choo."

Akabonyeza kompyuta. "Takwimu zinaonyesha abiria wa behewa moja tu."

"Kwa sababu mlileta behewa moja."

Akaniangalia kama mtu anayeangalia ng'ombe aliyeingia kanisani. "Mzee, umesoma mpaka darasa gani?"

"La nne."

"Sasa haya mambo ya takwimu..." Hakumaliza. Alikuwa na heshima zake. "Shida yako hasa ni nini? Kuna mabasi. Kuna matatu kila saa."

Nikamweleza. Nilieleza yote, mama mkwe, vyumba, kichwa kimoja, choo. Alizungusha kiti akamwita mwenzake wa ofisi ya pili aje asikie. Nikaeleza tena. Walicheka vizuri, kicheko safi, sikuwachukia kwa hicho. Waliniletea chai. Nikanywa.

"Kwa hivyo unataka tuendeshe treni nzima kwa sababu ya mama mkwe wako?" akauliza yule mwenzake, akifuta macho.

"Hapana. Nataka muendeshe kama mlivyosema siku ile mlikata utepe. Mama mkwe atajipandia."

Hapo hawakucheka. Mkubwa akasema atalipeleka juu. Nikamwuliza juu ni wapi, akanionyesha kwa kidole. Nilitazama. Ilikuwa dari.

Wakati wa mkoloni walijenga reli wakabebea kahawa yao na wazungu wao. Wetu wakairithi, wakaiacha ife. Wakaifufua ili wapigwe picha. Wakaikata kidogo kidogo, behewa kwa behewa, halafu wakashangaa kwamba watu hawapo. Ukimnyima ng'ombe nyasi halafu ukasema hana maziwa, si wewe umemaliza ng'ombe? Lakini hawa watu hawaulizwi. Wao ndio huuliza.

Niliporudi nilimtafuta Kaari, akaenda kwenye pazia akasema, "Mama, amesema wamepeleka juu." Jibu lililotoka lilikuwa "Haya." Basi. Siku hiyo ndengu zilikuwa na ndizi ndani.

Ishiara wamevuna mawele, wakapanda, wakavuna tena. Kinya amejifungua mtoto wa kike. Amempa jina la Wambura.

Ijumaa iliyopita Kinya alinipigia simu. Alikuwa ametoka kliniki Nanyuki, mtoto analia mgongoni.

"Baba! Nimeiona!"

"Nini?"

"Treni! Imeingia sasa hivi. Watu wamejaa madirishani. Mabehewa mengi."

"Uliyahesabu?"

"Baba, ni mengi tu. Matano, sita, sijui."

"Huenda ni ya mizigo."

"Mizigo inapunga mikono?"

"Siku hizi huwezi kujua," nikamwambia.

Akacheka, halafu akaacha kucheka. "Mwambie shosho, Baba. Asikie leo."

"Nitamwambia."

Angemwambia mwenyewe, lakini simu ya mama mkwe ilibaki Ishiara, kwa sababu alipokuja harusini alijua anarudi Jumapili. Na mimi kumwambia si jambo rahisi. Lazima apatikane mtu wa kati. Kaari alikuwa ameenda soko. Jumamosi alikuwa na kikao cha kina mama. Jumapili kulinyesha, na ukimtuma mtu wa watu kwenye mvua atasemaje? Leo nimemwona Kaari amepita hapo nje na kuni, lakini alikuwa na mzigo, na mimi sikutaka kumwongezea mwingine.

Baadaye nilikuwa ndani ya ghala nashona gunia. Mama mkwe akaja karibu na jiwe kuwapa kuku mtama. Niliona vidole vya miguu yake kupitia chini ya mabanzi, nikageuza macho. Alirusha mtama kidogo, akangoja, akarusha tena. Halafu akasema na kuku, kwa sauti ambayo kuku hawaihitaji:

"Kuku, nyinyi mnazunguka kila mahali na mnasikia mengi. Hivi hiyo treni ikirudi, huyo mtu atatuambia?"